Mita Mia Moja kwenye Benchi la Chifu

Hasira ile bado ninayo, na sina haja ya kuiacha. Hakimu hapa Isiolo alikuwa amenipa amri ya mahakama: mwanamume niliyeachana naye asinikaribie mita mia moja, iwe nyumbani au kwenye kibanda changu cha kushona nguo. Alikuwa amenifuata miezi mitano. Nikienda kanisani, yuko langoni. Nikifungua kibanda, ameshakaa ng'ambo ya barabara akitafuna miraa, ananitazama tu. Siku aliyonikamata mkono akasema nitarudi kwake au nitazikwa, ndipo nikaenda kortini.

Kesho yake baada ya amri kutolewa, alikuwa palepale ng'ambo ya barabara. Nikaibeba karatasi mbio hadi kituo cha polisi. Afande akaisoma, akaikunja vizuri, akanirudishia.

"Mama, hii ni mambo ya nyumba. Enda kwa chifu awakalishe chini."

Kukalishwa chini! Ndivyo tunavyomaliza kila kitu huku: mbuzi walioingia shambani, mpaka wa ploti, na sasa uhai wangu. Nilienda, chifu akaniambia nirudi kesho yake, nami nikarudi nikidhani atawasukuma polisi wafanye kazi yao. Kumbe alikuwa amemwita na yule mwanamume. Ofisi ilikuwa na benchi moja, naye alishaketi hapo, amenyoa ndevu, amevaa koti la Jumapili.

"Kaa hapo, mama," chifu akasema. "Tuongee kama watu wazima."

Nikakaa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilikaa, kwa sababu chifu akisema kaa, sisi hukaa. Halafu mkono wangu ukagusa tepu ya kupimia nguo, ambayo nilikuwa nimeisahau shingoni. Nikaivua, nikapima kutoka goti lake hadi langu.

"Inchi kumi na nane, chifu. Hakimu alisema mita mia moja. Andika hiyo kwa kitabu yako."

Chifu akanitazama kana kwamba nimemtukana. Aliandika kwamba tumepatana, akagonga muhuri. Nilikataa kutia sahihi. Akasema si lazima.

"Sasa tokeni pamoja, watu waone mmeelewana," akasema, kisha akamgeukia yule mwanamume. "Sindikiza bibi yako mpaka nyumbani."

Yule akasimama upesi, akanifungulia mlango.