Njumu za Namba Tano

Nilikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja wa Kasulu, mtu wa Ujiji kwa asili, nilipopewa kazi ya kubeba Wazungu wa mpira. Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikwisha kuwa mchimba mitaro, mpishi wa kambi ya barabara na mlinzi wa ghala la tumbaku. Shule niliiacha darasa la tano, baada ya mwalimu kunichapa kwa kumuuliza mara tatu kwa nini mwezi hauanguki. Nilipenda kuona mambo na kujua yanaishaje. Hilo nalisema mapema kwa sababu ndilo lililoniharibia.

Wale vijana walikuwa kumi na sita na mwalimu wao, kutoka Denmark. Walikuwa wamekaa miezi mitatu katika kijiji cha ujamaa upande wa Tabora, wakijenga madarasa, na kabla ya kurudi kwao waliomba kuzunguka na kucheza na kila wilaya itakayowakubali. Kwetu walipangiwa Kibondo kwanza, kisha Kasulu.

Kibondo wachezaji wetu walicheza pekupeku kama siku zote. Beki wa kati alikuwa mtoto wa mama yangu mdogo, mwenyeji wa Kitahana. Alikuwa kaka yangu, na kazi yake ilikuwa kupasua mbao. Katika msumeno wa watu wawili yeye alikuwa mtu wa juu, yule anayesimama juu ya gogo la mninga na kulishika kwa vidole vya miguu huku akivuta msumeno. Mtu wa chini hupatikana popote. Wa juu wenye miguu kama yake walikuwa wawili watatu wilaya nzima.

Wageni walivaa njumu, zile za meno ya chuma chini. Kila walipokimbia ungedhani mbuzi wanapita kwenye mawe. Watu walicheka mwanzoni.

"Wamekuja kulima au kucheza?"

"Waache walime, tutapanda maharage!"

Kipindi cha pili kaka aliingia kuuondoa mpira kwa mguu wa kulia, na namba tano wa wageni, kijana mrefu mwenye nywele rangi ya mahindi, akaja kwa kasi akakanyaga. Nilikuwa nimekaa juu ya bodi ya lori na nilisikia. Ilikuwa sauti ya kuni kavu ikivunjika. Kaka hakupiga kelele. Alikaa chini, akaushika mguu kwa mikono miwili, akautazama kama kitu alichookota.

Refa hakupuliza filimbi. Namba tano aliendelea mbele na mpira, akafunga, akageuka huku ameinua mikono, ndipo akaona.

Asubuhi yake nilikwenda hospitali. Mama mdogo alikuwa amekaa sakafuni kando ya kitanda, na kaka alikuwa amefungwa plasta kutoka vidoleni hadi chini ya goti. Daktari alikuwa amemwambia vidole vitatu havitashika tena. Mara namba tano akaingia. Alikuwa peke yake, macho mekundu, njumu zake zimening'inia shingoni kwa kamba. Kiswahili alikuwa amejifunza kule Tabora, kidogo lakini kinasikika.

"Pole sana," alimwambia kaka. "Kosa ni langu. Hizi zako."

Akazivua shingoni, akaziweka kitandani, pembeni kabisa ya ule mguu wa plasta. Akasimama anangoja.

Baadaye niliishi na watu wa mataifa mengi na nikaja kuelewa alichokuwa akifanya. Kwao mtu hulibeba kosa lake mwenyewe. Huja bila mtu wa kujificha nyuma yake, na hutoa kitu anachokipenda. Kwetu ilikuwa kinyume kabisa. Anayekuja peke yake kwa mtu aliyemuumiza ama anatania ama anatafuta ugomvi. Ukiwa umemwaga damu unaletwa na watu wako, wakubwa wanatangulia, wewe unakaa nyuma umefunga mdomo.

Mama mdogo aliniuliza kwa Kiha, "Mkubwa wao yuko wapi?"

"Sijamwona, mama."

"Basi huyu amekuja kufanya nini?"

Kaka ndiye aliyejibu, kwa Kiswahili, ili yule asikie. "Amekuja kunipimisha viatu." Akazichukua njumu kwa kamba na kuzirusha dirishani. "Mwambie amepotea njia. Duka la viatu liko sokoni."

Namba tano akatoka ameinamisha kichwa. Nje ya dirisha, kwenye kivuli cha ukuta, alikuwa ameketi mdogo wake kaka. Yeye alikuwa fundi baiskeli mjini Kasulu na winga wa timu ya Kasulu, na alikuja Kibondo kutazama mchezo tu. Njumu zilimwangukia miguuni. Nilipochungulia nilimwona anazifunga katika kitenge cha mama yake bila haraka, kama mtu anayefunga chakula cha safari.

Siku ile ile ndiyo niliyowabeba wageni kwenda Kasulu. Wenzake walipanda nyuma. Namba tano alikuwa akitapika tangu asubuhi, kwa hiyo mwalimu wao akaomba akae mbele kwangu. Mdogo wangu yule fundi baiskeli naye alikuwa ameniomba lifti tangu jana yake. Kwa hiyo tulikaa watatu: mimi kwenye usukani, Mzungu katikati, na yule mlangoni, kitenge mapajani.

Ningeweza kusema, huyu ni ndugu wa yule uliyemvunja. Maneno hayo ni mafupi. Sikuyasema. Nilitaka kuona nani ataanza.

Tulipita Busunzu kwenye vumbi jekundu. Kisha namba tano akapata nafuu, akaanza kuzungumza, na alizungumza na mdogo wangu zaidi kuliko na mimi, labda kwa kuwa walilingana umri.

"Wewe unacheza mpira?"

"Kidogo."

"Sisi tumeongea jana, wote. Kasulu tutacheza bila viatu. Nyinyi hamna, basi na sisi hapana. Ni haki."

Mdogo wangu akageuka, akamtazama kwa mara ya kwanza. "Wote?"

"Wote. Mimi kwanza."

"Vizuri," alisema mdogo wangu. "Ni heshima kubwa."

Kabla ya Makere nilisimamisha lori kwenye kijito ili injini ipoe. Wazungu walishuka kunawa. Nilizunguka nyuma kuangalia tairi nikamkuta mdogo wangu amekaa kwenye jiwe, njumu miguuni, anapiga kisigino ardhini taratibu.

"Unatazama nini, kaka?"

"Sitazami kitu."

"Zinabana kidogo mbele," alisema. "Zitalegea."

Nilirudi kwenye usukani. Namba tano alinipa ndizi. Nilikula ndizi yake. Kutoka pale hadi Kasulu ni mwendo wa saa nzima na zaidi, naye alikuwa begani kwangu muda wote, ananiuliza majina ya miti. Nilimtajia yote.

Habari za Kibondo zilikuwa zimetangulia. Kasulu waliapa hawatavunjwa vidole kama wenzao, na kwa siku mbili walikusanya viatu kwa kila mwenye navyo: mabuti ya mgambo, viatu vya kazi vya watu wa barabara, vingine vya ukubwa tofauti kulia na kushoto. Siku ya mchezo vijana wetu waliingia uwanjani wanatembea kama watu wenye majipu, na upande wa pili wageni wakaingia pekupeku.

Uwanja mzima ulicheka kwa muda mfupi. "Miguu kama mihogo iliyomenywa!" alipiga kelele mwanamke mmoja muuza karanga. "Ianikeni juani!"

Kisha kicheko kikakatika. Nyuma yangu mzee wa duka alisema, "Kwa nini wamevua? Kibondo walivaa."

"Wanatuona sisi si watu wa kuvaliwa viatu."

"Wanatucheka mabuti yetu."

Neno hilo lilitembea kuuzunguka uwanja haraka kuliko mpira. Mwalimu wa wageni alikuwa akitupungia mkono huku anatabasamu, na kila alivyozidi kutabasamu ndivyo watu walivyozidi kuokota mawe.

Mchezo wenyewe haukuwa mchezo. Vijana wetu hawakujua kukimbia na mabuti, walichelewa kila mpira, na kila walipochelewa walimkuta mtu badala ya mpira. Mzungu mmoja alitolewa na kucha imeng'oka. Mwingine alimsukuma beki wetu kifuani, beki akamtandika kofi. Refa, karani wa ofisi fulani, alipuliza filimbi mpaka mate yakaijaa.

Mimi sikutazama hayo. Nilimtazama winga wetu. Ndiye pekee aliyevaa njumu za kweli, na ndiye pekee ambaye hakuwa anafuata mpira. Alikuwa amehama upande wake, anamzunguka namba tano kwa mbali, na namba tano, ambaye tangu safari alimhesabu rafiki, alimpungia mkono mara moja. Sijui kama alikwisha kuzitambua. Nadhani alizitambua pale walipokaribiana, maana alitazama chini, akasimama, akafungua mdomo kutaka kusema jambo.

Mdogo wangu aliruka kwa miguu yote miwili.

Safari hii haikuwa kuni kavu. Ilikuwa kama mtu anavunja muwa mbichi, na mfupa ulitoka mbele ya muundi, mweupe kuliko ile ngozi. Namba tano alipiga ukelele ambao sijausikia tena kwa binadamu. Mwenzake aliing'oa bendera ya kona akampiga nayo mdogo wangu usoni, meno yakaruka. Ndipo watu wakamwagika uwanjani. Mawe yalitoka kila upande. Jiwe moja lilimpata mwalimu wao sikioni, akaenda chini akiwa bado na lile tabasamu. Vijana wetu wenyewe walipigana, wengine wakitaka kuua, wengine wakiwakinga wageni kwa miili yao. Askari wawili waliokuwapo walimwangukia mdogo wangu kwa virungu, wakampiga hata alipokwisha lala.

Niliingiza lori uwanjani huku napiga honi. Tulimbeba namba tano juu ya mlango tulioung'oa kwenye darasa la karibu. Damu yake ilinilowesha hadi kiunoni.

Siku ya tatu mama mdogo alifika kutoka Kitahana. Mtoto mmoja alikuwa kitandani Kibondo na mguu usioweza kusimama juu ya gogo, wa pili yuko mahabusu, na watu walisema mwalimu wa Wazungu akishikilia kesi, huyo wa pili ataozea gerezani Kigoma. Alikuja na wajomba wawili na chungu cha pombe ya ndizi chenye mirija mitatu. Nikawapeleka hospitali.

Namba tano alikuwa amelala, mguu umening'inizwa kwa kamba na mawe ya uzito. Wajomba walitangulia, mama akafuata, wakakaa sakafuni, chungu katikati. Mjomba mkubwa alisema kilichowaleta: mtoto wao amemwaga damu, wao ndio watu wake, wanaomba wanywe pamoja. Mwalimu, kichwa kimefungwa bendeji, alikitazama chungu na nzi wake, akasema asante sana, daktari hajaruhusu.

Mama aliinamisha uso.

Namba tano aliniuliza, "Hii ni nini?"

Nikamweleza maana yake. Kisha, sijui kwa nini, kwa vile nilikwisha anza nikaendelea. Nikamwambia winga ni ndugu wa yule wa Kibondo. Nikamwambia nilimwona anazijaribu njumu kule kijitoni.

"Wewe ulijua? Ndani ya gari?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilitaka kuona."

Aliniita kwa kidole nisogee. Nikainama nikidhani anataka kuninong'oneza. Alinipiga ngumi ya mdomo kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, mguu wake ukayumba kwenye kamba, akalia kwa maumivu, akanipiga tena. Wajomba waliinuka nusu. Mama mdogo hakuinuka. Kiswahili chake si kingi, lakini alikuwa amenisikia.

Namba tano alipopata pumzi alimwambia mwalimu wake jambo kwa lugha yao, kwa ukali, kisha akanyoosha mkono kuelekea chunguni. Mama akakiinua, akamshikia mrija, namba tano akanywa. Mama akanywa. Mjomba akanywa. Kesi haikufunguliwa. Baada ya wiki mbili mdogo wangu alitolewa, hana meno ya mbele, akapelekwa pale kitandani kunywa na yeye.

Mimi siku ile nilikuwa nimesimama damu inanidondoka kidevuni, nikachutama nami kama ndugu, nikanyoosha mkono. Mama mdogo alikifunika chungu kwa kiganja.

"Toka," alisema.

"Mama, mimi sikumpiga mtu."

"Aliyepiga najua nitamwambia nini. Wewe sijui nikwambie nini. Toka."

Nilitoka. Nilimrudishia tajiri funguo za lori jioni ile ile, nikaenda kutafuta kazi mahali pengine.