Ukuta Uliokuwa na Joto

Nilinunua gari la umeme kabla sijafikiria litachajiwa wapi. Lilikuwa dogo, la mtumba, la rangi ya kijivu, na siku nilipolileta nyumbani Machakos liliingia kimya kabisa. Mama yangu, ambaye ninaishi naye, alitoka jikoni akifuta mikono kwenye leso.

"Umelisukuma?" akaniuliza.

Mama alihamia kwangu kutoka Kalama magoti yalipoanza kumsumbua, lakini moyo wake ulibaki shambani. Nilitaka gari la kunipeleka shuleni ninakofundisha, na la kumpeleka yeye Jumamosi akaangalie mbaazi zake. Aliyeniuzia alinipa waya mnene wa kuchajia, wenye kisanduku katikati. "Unachomeka tu, mwalimu, kama simu," akaniambia.

Nami nikachomeka kama simu. Soketi iliyokuwa karibu na maegesho ilikuwa ya stoo, kwa hivyo nikapitisha waya dirishani. Taa ndogo ya kijani ikaanza kupepesa kwenye gari, na mimi na mama tukasimama kuitazama kana kwamba kuna mgeni anayekula. Kisha mama akaenda kuchemsha maji ya chai kwenye birika la umeme.

Tap! Friji ikanyamaza. Taa ya gari ikazimika.

"Stima imepotea," mama akasema.

"Lakini balbu zinawaka, mwaitu," nikamjibu, nikimwita mama kwa Kikamba.

Hilo ndilo lililonishangaza. Nilifungua kisanduku cha umeme kilicho ukutani nikaona breka moja, mojawapo ya zile swichi ndogo za usalama, imeanguka chini huku nyingine zimesimama wima. Nikaiinua. Friji ikaanza kunguruma tena, gari likaendelea kuchaji. Mama akawasha birika. Tap! Tulirudia mchezo huo mpaka tukaelewa: soketi zote za nyumba zilikuwa kwenye breka moja, na gari na birika kwa pamoja ni mzigo usiobebeka.

"Kwa hivyo hii gari yako ikikula, sisi hatunywi chai?" mama akauliza.

Tukajiwekea sheria. Gari likiwa linachaji, birika na pasi vipumzike. Breka ikaacha kuanguka, nami nikaamini kwamba shida imekwisha.

Aliyetuonyesha kwamba haijaisha ni paka wetu. Kipindi hicho cha baridi alizoea kulala juu ya magunia ya mahindi yaliyokuwa stoo. Jioni moja nilimkuta amejinyoosha sakafuni, kwenye saruji tupu, mgongo wake umebanwa kwenye ukuta wa stoo. Nikamrudisha kwenye magunia. Akashuka, akarudi palepale.

"Huyu ameona nini hapa?" mama akasema. Akainama polepole, akaweka kiganja ukutani. "Aiya! Njoo ushike."

Nilishika. Palikuwa na joto kama ubavu wa sufuria iliyoepuliwa muda kidogo uliopita. Soketi yenyewe ilikuwa ya uvuguvugu tu. Joto kali lilikuwa kando yake, katikati ya ukuta, mahali pasipokuwa na kitu chochote. Nikachomoa waya wa gari. Tukakaa hapo, mimi kwenye ndoo iliyopinduliwa, mama kwenye kigoda, tukipapasa ukuta kila mara. Ulipoa taratibu. Hapo udadisi ukanishinda, nikachomeka tena. Joto likaanza kurudi, kwanza kama pumzi, kisha kama mkono wa mtu mwenye homa.

"Chomoa!" mama akasema. "Unataka kupika nyumba?"

Nikachomoa, na gari halikuchajiwa tena mpaka fundi alipokuja.

Fundi wa stima alikuwa mtu wa makamo ambaye alikuwa amefunga nyaya kwenye nyumba nyingi za mtaa wetu. Alikiri tangu mlangoni kwamba hajawahi kushughulikia nyumba yenye gari la kuchaji. Nilipomweleza habari ya breka kuanguka, akasema, "Tutaweka kubwa zaidi, haitakata tena." Lakini nilipompeleka stoo akagusa ukuta, huku gari likiwa limechomekwa kidogo ili ajionee, alitoa mkono haraka.

"Hapana. Hapa tusiongeze kitu. Kwanza tujue kuna nini."

"Mbona breka haikukata wakati ukuta unachemka hivi?" nikamuuliza. Swali hilo lilikuwa limenikaa kichwani tangu jioni ile.

Akaugusa ukuta tena kwa ncha ya kidole. "Breka inaangalia umeme unaopita ni mwingi kiasi gani. Hii gari haivuti kupita kiasi, ila inavuta masaa mengi bila kupumzika. Nadhani mahali pa kupita ndipo pabovu."

"Kama mlango mwembamba wa kanisa," mama akasema kutoka mlangoni. "Watu si wengi, lakini hapo mlangoni wanatoka jasho."

"Kabisa, susu," fundi akamjibu, akimwita bibi kwa Kikamba.

Akazima swichi kuu, akapima kuhakikisha umeme umekatika, kisha akaanza kuchimba kwa patasi. Plasta ya juu ilipoanguka, chini yake palionekana rangi ya kijani kibichi ambayo sikuwahi kuiona popote nyumbani mwangu. Akaendelea, mpaka ikatoka harufu ya plastiki iliyoungua.

Nyaya mbili zilikuwa zimesokotwa pamoja na kufungwa kwa utepe mweusi. Utepe ulikuwa umeyeyuka, shaba imekuwa nyeusi, na ngozi ya waya ilivunjika vidoleni mwa fundi kama ganda la karanga. Waya mmoja ulikuwa mwembamba kuliko mwenzake.

"Nani anaunga waya ndani ya ukuta?" nikauliza.

Fundi akagonga ukuta huu na ule, akasikiliza. "Hii stoo ilikuwa baraza. Ukuta huu ulikuwa wa nje. Aliyeifunga ikawa chumba alivuta soketi kutoka jikoni."

Nilibaki nikiangalia ile rangi ya kijani. Nilikuwa nimeishi humo miaka mingi, na sikujua kwamba magunia yetu yamekaa mahali watu walipokuwa wakiota jua.

Fundi aling'oa kiungo kile na soketi yake. Akavuta waya mpya, mnene, bila kiungo chochote, kutoka kwenye kisanduku cha umeme mpaka maegeshoni, ukiwa na breka yake peke yake, ile inayokata pia umeme ukivuja. Akapigilia ardhini chuma kirefu cha kuupokea umeme unaopotea. Udongo ulikuwa mkavu, tukapokezana nyundo.

"Sasa washa kila kitu," akasema.

Gari likachaji, birika likachemka, mimi nikapiga pasi sare ya kanisani ya mama. Hakuna kilichoanguka. Fundi aliacha kiganja chake juu ya soketi mpya mpaka chai ikamfikia, na hata baada ya kuinywa akarudi kuishika tena.

"Baridi," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini kidogo, "Mwalimu, naweza kuiendesha mpaka hapo barabarani?"

Nilimpa ufunguo. Mama akawahi kiti cha nyuma. Tulishuka polepole kuelekea barabara ya Kalama, fundi ameinamisha kichwa akitafuta mlio wa injini.

"Ukikanyaga breki, hiyo nguvu inaenda wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia kwamba sehemu yake inarudi kwenye betri.

"Inarudi vipi?"

Badala ya maneno nikamwonyesha mshale mdogo kwenye kioo cha dashibodi, unaoonyesha umeme ukitoka au ukirudi betrini. Basi akapunguza mwendo, akaongeza, akapunguza tena, na sote watatu tukaangalia ule mshale mdogo kwenye kioo ukienda na kurudi.