Utani Uliomchukua Zabuwa

Alhaji Mamuda wa Katsina alianza kwa kuuza mafuta ya taa kwa chupa, akitembeza kichwani. Akaja kuwa na malori na vituo vya petroli hadi mpakani. Mkewe alipofia njiani akiwa na uchungu wa kuzaa, biashara ilimtoka moyoni. Aliuza malori yote, akajenga hospitali ya wazazi, na kilichobaki akakitia kwenye farasi wa mashindano. Zizini mwake hakuna aliyempenda kama Zabuwa, jike la madoadoa, tunda la miaka yake yote ya kuchagua mbegu. Na sasa Zabuwa alikuwa na mimba.

Sule, mtoto wa mjomba wake, alikuwa mtani wake. Tangu utotoni alimnyang'anya vilemba na kondoo mbele za watu, na jioni ileile vikakombolewa kwa kokwa za kola za kutafuna na matusi ya kuchekesha. Ndivyo utani ulivyo kwao: mmoja hujiita bwana, mwenzake humwita mtumwa, na hakuna kukasirika.

Siku mjukuu wa Alhaji alipopewa jina, Sule alimfungua Zabuwa.

"Mtumwa ana farasi, bwana wake anakwenda kwa miguu! Dunia gani hii?"

"Mchukue, mwizi wee!" Alhaji alicheka. "Ila usimpande, kitambi chako hicho kitamvunja mgongo!"

Hata imamu alishika mbavu.

Jioni Alhaji alipeleka kola. Zikarudishwa. Asubuhi akaenda mwenyewe.

"Zabuwa yuko wapi?"

"Kano. Nimemuuza."

"Sule, acha masihara."

"Masihara gani? Hukusema mchukue? Imamu alisikia." Sule hakucheka. "Lori lako la kwanza aliliendesha nani? Ulipouza yote, wageni walipata hospitali. Mimi je?"

"Si ungeniambia, ndugu yangu?"

"Nimekuambia miaka yote. Ulikuwa unacheka."

Mnunuzi wa Kano alikataa katakata kumrudisha. Kwa kadhi Alhaji hakwenda. Angeshtaki nini, na neno alilitoa kwa kinywa chake?

Siku ya Idi, nje ya msikiti, Sule alimvuta kanzu. "Mtumwa! Hii umeinunua kwa ruhusa ya nani?"

Watu wakageuka, tayari kucheka. Alhaji alimpa mkono kwa adabu, kama ampavyo mgeni.

"Asalamu alekum, Malam Suleimanu. Nyumbani hawajambo?"

Kicheko kikawakauka watu midomoni.

"Mamuda," Sule alinong'ona, "nitukane basi."

"Mungu akupe afya, Malam," alisema Alhaji, akageuka kumsalimu mtu mwingine.