Bakuli Jeupe la Tokie

Shemeji yangu Tokie alikuwa na bakuli moja jeupe ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulia wali. Kila asubuhi alishuka nalo chini ya tuta la bwawa la Kitadani, pale maji yalipodondoka kando ya bomba la mbao la kumwagilia, akalikinga mpaka lijae, kisha akalichungulia. Maji yakiwa maangavu, alikwenda zake shambani. Yakiwa na tope, maana yake tuta linaliwa kwa ndani. Alifundishwa hivyo na mama mkwe wake, na hapa kisiwani Awaji mwanamke wa nyumba yenye bwawa asiyejua kusoma bakuli ni wa kuchekwa.

Bwawa lilikuwa mali ya nyumba tano, yangu na ya Tokie zikiwemo. Mimi ni Shigenobu, binamu wa marehemu mumewe. Zamani siku ya kukata nyasi za tuta tulikuwa watu ishirini, tukila vitonge vya wali na kutaniana mpaka jua lizame. Nyasi lazima zikatwe, kwani tuta likivaa kichaka huoni panapovuja. Kisha nyumba tatu zikahamia Osaka na Kobe. Mimi nilibaki, lakini niliacha mpunga, nikajenga nyumba mpya juu ya majaruba yangu, chini kabisa ya tuta. Mgeni angejenga pale kwa kutojua. Mimi nilijua. Tokie aliniuliza kama nimekosa pengine pa kulaza watoto isipokuwa kwenye njia ya maji, nami nikacheka.

Kwa hiyo akabaki yeye, miaka sabini na tisa, na mashine ya kukatia nyasi begani. Tuta zima lilimchukua siku tisa. Majaruba yake manne ndiyo pekee yaliyokuwa yakinywa maji ya Kitadani, nayo hayakuwa na maji mengine.

Miaka tisa kabla ya hapo, nami nikiwa bado nalima mpunga, ofisi ya wilaya ilikuwa imesema bomba limechakaa na bwawa likarabatiwe, ila kila nyumba iridhie kwa muhuri wake na itoe mtu wa kazi. Tokie alipanda basi akawafuata wenye mihuri huko mijini, na mafungu ya vitunguu mkononi. Mmoja hakufungua mlango. Mwingine alimwambia baba yake amekufa na yeye hajui habari za bwawa lolote. Mimi, aibu yangu, nilimwambia nitafikiri, kwa sababu sikutaka kubeba udongo. Nilifikiri miaka tisa.

Mwezi wa tisa mwaka juzi, siku mbili baada ya kimbunga, aliingia jikoni kwangu na bakuli kalifunika kwa kiganja. Akaliweka mezani. Chini kabisa palikuwa na tope laini la kahawia, unene wa ukucha.

"Hili la leo," alisema. "Jana yalikuwa meupe pe."

Nilimwambia huenda ni uchafu wa kimbunga tu, akinge tena kesho. Aliniangalia kama mtu anayemwangalia mlevi.

"Shemeji, nikilimwaga hili hapa kwenye sinki lako, hajui mtu. Mpunga wangu umebakiza wiki tatu nivune. Wajukuu zako wanalala chumba gani?"

"Cha nyuma."

"Upande wa bwawa?"

"Upande wa bwawa."

Alilifunga bakuli kwa mfuko wa plastiki, akapanda basi nalo mapajani mpaka wilayani.

Alikuja bwana Urakami wa wilaya, kijana mpole anayeinama mpaka unamwonea huruma. Akaamuru maji ya bwawa yafunguliwe yatoke yote siku hiyo hiyo. Baadaye, nyumbani kwangu, akatueleza kwamba serikali husaidia kukarabati pale tu nyumba mbili au zaidi zinapolima kwa maji ya bwawa. Hapa ilibaki moja. Kilichowezekana ni kulikata tuta, lisishike maji tena milele. Hata hilo lilitaka mihuri mitano. Tokie aliposikia mitano alicheka, mara ya kwanza mwezi ule, akasema hao watu hawapatikani.

Walipatikana kwa siku kumi na moja. Mihuri ilikuja kwa posta, bila vitunguu, bila basi. Yule asiyejua habari za bwawa alikuwa ameambiwa kwamba likipasuka na kuua watu, ataulizwa yeye. Wa kwanza kugonga muhuri nilikuwa mimi, chai ya Urakami ikiwa bado ya moto. Niliogopa, ndiyo sababu yangu nzima. Wa tano alikuwa Tokie. Angeweza kukataa, na bwawa lingebaki. Hakukataa, kwa ajili ya chumba cha nyuma.

Mtambo wa kuchimba udongo ulikuja mwezi wa pili. Ulipokata katikati ya tuta, ukuta wa udongo wa mfinyanzi ulionekana ndani, wa kijivu, umeshikamana, bado una unyevu, tabaka juu ya tabaka kama wazee wetu walivyoukanyaga kwa miguu. Dereva, mzee wa bonde la pili, alishuka akauchoma kwa sepetu, kisha akalivuta lile bomba. Lilikuwa limeoza hatua mbili tu, mdomoni.

"Tuta zima kabisa hili," alisema. "Bomba tu. Kazi ya wiki moja."

Urakami aliangalia karatasi zake. Nilitaka kumpiga yule mzee kwa kulisema. Tokie aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa ni saa ngapi.

Kazi ilipokwisha, mtambo ulianza kuondoka kwa njia ya mkato, ukielekea shambani kwa Tokie. Alimkimbilia dereva na mikono juu, akamwambia azunguke kwa barabara ya juu, asije akamvunjia kingo za majaruba, maana kingo zikivunjika maji hayakai. Dereva aliomba radhi, akaanza kurudi nyuma. Tokie alibaki amesimama akiyatazama majaruba yake manne.

"Basi," alimwambia. "Pita tu hapo."