Ushuhuda Uliotangulia Kazi

Jumanne nilipigiwa simu nikaambiwa kwamba yule jirani yetu wa mtaani Lucky Summer, mwendesha mashine wa kiwanda cha plastiki kule Baba Dogo, ametutoka. Kifua. Nimechoka kuandika habari za vifo, wasomaji wangu, na nimechoka zaidi na habari za vifua vya watu wa viwandani, lakini huyu nilisali naye kanisa moja kwa miaka mingi, na siwezi kumpita kimya.

Alikuwa mtu mzima, baba wa watoto wakubwa, mtu wa magharibi mwa nchi mwenye sauti nzito ambayo kwaya yetu iliitegemea. Daktari alishamwonya aondoke kwenye moshi ule. Akaamua kujifunza kutengeneza tovuti, kazi ya kukaa kitini na kuvuta hewa safi. Alitafuta kompyuta kuukuu, akawa anafuatisha video za bure. Jumamosi moja nilimkuta mlangoni pake ameikodolea macho. “Ndugu yangu,” akaniambia, “mashine ya kiwandani ikiharibika hupiga kelele. Hii inanyamaza tu, inakuangalia.” Tukacheka mpaka akakohoa.

Kosa lake alilifanya kanisani. Kwetu mtu wa imani hushukuru kabla hajapokea, na Jumapili moja alisimama kutoa ushuhuda: “Bwana asifiwe! Mungu amenitoa kiwandani, amenipa kazi ya kompyuta!” Alisema kwa imani, hata ukurasa wake wa kwanza alikuwa hajaumaliza. Sisi tukasikia habari kamili. Vigelegele! Mchungaji akampa jina la “fundi wetu wa kompyuta” na hapo hapo akamkabidhi kazi ya tovuti ya kanisa. Sasa angerudije nyuma? Kumbe tangu wiki ile alikuwa anatoka nyumbani na shati jeupe na tai, ovaroli imekunjwa ndani ya mkoba wa kompyuta, anabadilisha nguo akifika kiwandani. Hayo tumeyajua matangani, walipokuja wenzake wa kazi.

Tovuti aliitengeneza, jamani, na yeye mwenyewe alinionyesha: ilipendeza. Shida ni kwamba ilifunguka kwenye kompyuta yake tu. Alipotutumia anwani katika kundi la kanisa, tukaandika, “Haifunguki.” Akatujibu tuangalie bando zetu. Hakujua kwamba anwani ile ilielekeza ndani ya mashine yake mwenyewe, na kwamba kazi yenyewe ilikuwa bado haijapandishwa mtandaoni. Wanaoanza wengi hukosea hivyo. Lakini anayeanza huuliza, na yeye alishatangazwa fundi. Alihangaika peke yake kwa miezi, mwisho akaifunika kompyuta kwa kitambaa cha kochi, na kifua kikaendelea kula moshi.

Huko matangani nilikaa na binti mmoja wa kwaya ambaye hutengeneza tovuti kwa riziki yake. Alikuwa analia. “Anko, mimi nilijua shida iko wapi siku hiyo hiyo. Lakini utamwambiaje mzee mbele ya watu ati amekosea? Nikangoja aniulize. Ilikuwa kitu ndogo tu, hata chai haingepoa.”

Imeniuma, sifichi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini tuseme kweli: huyu alifichia wapi, kama si nyuma ya makofi yetu? Mitaani kwetu watu wazima wengi wanaanza upya siku hizi, viwanda vimewachosha au vimewafukuza, nasi tunataka wawe mabingwa kabla hawajawa wanagenzi. Tunasifu haraka, na sifa ikishamkaa mtu, hawezi tena kuuliza. Basi pawe na mahali, iwe kanisani au kwenye chama cha kuweka akiba, ambapo mwenye mvi anaweza kusimama akasema, “Hapa nimekwama,” na asichekwe. Na wewe unayejua, usikae ukingoja kuulizwa. Mvute kando umwonyeshe, kwa heshima zako zote, angali anapumua.