Bendera Iliyopanda Kabla ya Maji

Kwanza naomba radhi kwa mwandiko wangu na kwa maneno nitakayokosea kuyaandika. Niliishia darasa la saba, na ukurasa mmoja hunichukua asubuhi nzima. Naomba pia usikasirike nikikuita mwanangu. Nina miaka thelathini na mbili tu na sina mtoto, lakini katika kazi hii ya kuandika programu za kompyuta nimekutangulia wewe unayeanza, na liko kosa langu moja ambalo sitaki ulirudie.

Siku isiyonitoka akilini ilikuwa Jumatano moja ya kiangazi, hapa Mlali, kwenye kikao cha kikundi chetu cha bustani. Watu walikaa kwenye mabenchi ya banda la mbegu. Mimi nilisimama mbele yao na karatasi mkononi, ingawa mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Kwenye benchi la mwisho alikaa mtu mmoja peke yake. Alikuwa Mjomba Kobelo, kaka wa mama yangu, aliyenilea tangu mama alipofariki. Siku ile yeye ndiye alikuwa mshtakiwa, na karatasi niliyoshika mimi ndiyo ilikuwa shahidi.

Nikueleze tulifikaje hapo. Kikundi kina tangi moja la maji ya mlimani, na chini yake yapo mashamba sita. Kila shamba lina valvu yake ya umeme na siku yake ya zamu. Nilikuwa nimejifunza programu mjini Morogoro, kwenye kibanda cha mafundi simu, kwa vitabu vya Kiingereza na kamusi iliyong'oka jalada. Nikawaandikia programu ya kugawa zamu.

Ilikuwa na sehemu mbili zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. Ya kwanza iliandika kwenye kumbukumbu ya kompyuta namba ya shamba lenye zamu, kisha ikapandisha bendera, yaani ikabadilisha sifuri kuwa moja mahali ambapo sehemu ya pili inapaona. Hiyo ya pili kazi yake ilikuwa kuitazama bendera. Ikiiona imepanda, inasoma namba na kufungua valvu ya shamba hilo.

Kwenye kompyuta ya mezani programu ilikwenda msimu mzima bila kukosea hata mara moja. Ila kompyuta ile ilikula umeme mno, kwa hiyo kikundi kikapata nyingine ndogo, saizi ya kiganja, inayotosheka na sola. Prosesa yake, yaani ubongo wake wa kupiga hesabu, ni ya jamii ya zile za kwenye simu. Nikahamishia programu ileile, sikubadili hata mstari. Ikakubali. Nikaitazama siku mbili, nikaona mambo sawa, nikafurahi peke yangu kama nilivyozoea kufurahi.

Wiki ya tatu, Bi Mwanaidi wa shamba namba nne alikwenda msibani Ngerengere. Aliporudi alikuta miche yake ya kabichi, aliyoihamisha siku chache tu kabla, imekauka yote. Shamba namba tatu, la mjomba wangu, lilikuwa limelowa mpaka njiani. Watu wakasema mzee amehamisha mpira wa maji wakati mwenzake yuko kwenye msiba.

Kikaoni nikaambiwa nisome karatasi yenye kumbukumbu za mashine, yaani orodha ya zamu ambayo programu hujiandikia. Nikasoma: zamu ya shamba namba nne ilianza asubuhi, ikamalizika adhuhuri.

Kijana mmoja akasema, "Kwa hiyo maji yalipanda bodaboda yakaja kwako, mzee?" Wakacheka.

Mjomba alingoja kicheko kiishe. "Sikugusa mpira wa mtu," alisema. "Nilikuta maji yanaingia kwangu. Nikadhani Bi Mwanaidi amenisamehea zamu kwa ajili ya msiba."

Ni desturi yetu kweli. Aliyefiwa humwachia jirani zamu yake, hasemi kitu, na jirani haulizi, kwa sababu si vizuri kumfuata mtu msibani kwa habari za maji. Lakini Bi Mwanaidi alijibu bila kumtazama: "Maji yangu niliiachia mashine ya mwanao. Sikukuachia wewe."

Ndipo mwenyekiti akaniuliza kama mashine inaweza kukosea.

Mwanangu, ningeweza kusema sijui. Ni neno dogo na lilikuwa la kweli. Lakini ilikuwa mara ya kwanza watu wazima kunyamaza wakisubiri nitakalosema, nikasema, "Haikosei. Nimeijaribu mwenyewe."

Mjomba alinitazama kidogo, akashusha macho. Hakuniomba chochote. Alinyimwa zamu msimu ule wote, na siku ya tatu akachukua jembe na blanketi, akapanda mlimani kwenye shamba la zamani la ukoo, mwendo wa nusu siku. Nikabaki na nyumba. Nilizoea kila asubuhi kusimama mlangoni kwake na kusema shikamoo. Wiki ile ya kwanza niliisema mara mbili kabla sijakumbuka kwamba chumba ni kitupu. Nilikuwa napika ugali wa watu wawili, nusu napeleka kwa kuku. Wala hapakuwa na mtu wa kumweleza mawazo yangu. Hapa kijijini kazi yangu hawaijui, na mafundi wa mjini niliowapigia simu waliniambia mzee kaiba tu, nisijisumbue.

Nikaanza kukaa kwenye valvu kutwa nzima, natazama. Siku ya tisa kumbukumbu zikaandika shamba namba mbili, na maji yakatoka namba moja. Hakuna mkono uliogusa kitu. Nilikuwa hapo peke yangu, nikaona.

Nikaandika programu fupi isiyofanya kingine ila kuandika namba na kupandisha bendera, tena na tena, mamilioni ya mara. Kwenye kompyuta ya mezani haikukosea hata mara moja. Kwenye ile ndogo, mara chache, bendera ilionekana imepanda na namba bado ni ya zamani. Nikarudi kwenye vitabu na kamusi yangu. Nikaelewa kwamba prosesa ya mezani huionyesha sehemu ya pili maandishi kwa mpangilio uleule yalivyoandikwa. Ile ndogo inaruhusiwa kuonyesha la pili kabla ya la kwanza, ili iende haraka, mpaka uikataze. Mimi sikuikataza. Ile ya mezani ilikuwa inanifichia kosa langu. Nazo kumbukumbu nilizosoma kikaoni ziliandikwa na sehemu ya kwanza. Zilisema kilichokusudiwa, si kilichotokea.

Nikapanda mlimani. Nilimkuta mjomba anapalilia maharage. Nikamwamkia, nikamweleza nikiwa nimeinama. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo bendera ilipanda kabla maji hayajafika," alisema.

Akaniambia kwamba zamani za mifereji, aliyemaliza zamu alisimika tawi ili jirani alione kwa mbali, ajue zamu sasa ni yake. Yeye akiwa kijana alilisimika mara tu alipofungulia maji. Jirani akashuka, akakuta mfereji mkavu, na babu yangu akamchapa mjomba. Tawi husimikwa ukishayaona maji yamefika kwa mwenzako, hata kama ni kutembea mfereji wote.

Kisha akaegemea jembe. "Hilo la mashine nimekusamehe, hukulijua. Lakini uliulizwa jambo usilolijua, ukajibu kama unalijua. Na aliyekaa kwenye benchi nilikuwa mimi."

Nikateremka, nikawaambia kikundi, kwa sauti ndogo, lakini yote. Bi Mwanaidi alipanda mwenyewe kwenda kumwomba radhi mjomba. Zamu yake ikarudishwa. Mjomba mwenyewe hakurudi. Anasema ameizoea baridi ya juu. Shamba namba tatu nalilima mimi.

Sasa nasaha yangu. Sehemu mbili za programu zikishirikiana kitu, usitumie kigeugeu cha kawaida, yaani jina linalobeba thamani inayobadilika, kuwa bendera. Tumia vitendo vya atomiki, yaani visivyoweza kukatwa katikati, vilivyomo ndani ya lugha yenyewe ya programu, na utaje mpangilio waziwazi: anayeandika aachie bendera baada ya kumaliza yote ya kabla yake, na anayesoma aipokee kabla ya kugusa ya baada yake. Hapo lugha itaiamuru kila prosesa kwa namna inayoielewa, ya mezani na ya simu. Ijaribu programu kwenye mashine ileile itakamoishi, na bado usiseme kwamba haikosei. Kutoiona ikikosea si kujua. Na siku mashine yako ikiwa shahidi dhidi ya mtu, nenda kwanza ukayaangalie maji yenyewe.

Mungu akupe macho ya kuona mapema kuliko mimi, na ulimi usioona haya kusema sijui. Akujalie wakubwa wa kukukemea wakiwa bado karibu nawe.

Ukisoma haya, tafadhali niandikie. Hata kama ni mistari miwili, hata kama ni kuniambia nimekosea mahali. Barua nasoma polepole pia, lakini nasoma zote, na huku hakuna mwingine wa kuzungumza naye habari hizi.