Mtumbwi Uliopita Butiama

Jambo hili nimeliandika mara tatu kwenye madaftari tofauti, na kila mara nikisoma nilichoandika najikuta mwema kuliko nilivyokuwa. Safari hii najaribu tena, polepole. Mtu wa darasa la saba haandiki haraka hata akitaka.

Mtumbwi ulikuwa wa shemeji yangu, mume wa dada. Nasema wake, ingawa yeye alikuwaga anasema wetu. Aliupata kwa maksai wawili, jozi pekee aliyokuwa nayo ya kulimia. Aliwatoa akapata mbao, na fundi mmoja wa Majita, ambaye walikuwa wanasali kanisa moja, akamuundia. Ilikuwa miaka ile ruksa ya biashara inaanza. Kabla ya hapo tulishapita kipindi cha kushona nyavu kwa nyuzi zilizochomolewa kwenye matairi, maana dukani hakuna. Sasa vitu vikaanza kuonekana, na magari yenye barafu yakaanza kufika mialoni, wanakotua wavuvi, kutafuta sangara. Shemeji akaona kwamba asipoingia ziwani mwaka ule hataingia tena. Lakini maksai wakishaondoka, plau inabaki inaning'inia ukutani. Mtumbwi ukikataa, dada na wanawe wangelima kwa jembe la mkono shamba lote walilozoea kulima kwa ng'ombe.

Na mimi nilihusika zaidi ya hapo. Ng'ombe alizotoa shemeji kumuoa dada yangu ndizo baba alizonipa nikaolea. Kwetu ndivyo inavyokwenda. Mke wangu aliingia nyumbani kwa ng'ombe za shemeji. Yeye hakuwahi kulitaja hilo hata siku moja. Mimi ndiye nilikuwa nalikumbuka kila nikimwona.

Sangara tulisikia wako upande wa Bunda, kwenye ghuba, karibu na Guta. Kwa maji, kutoka Musoma kwenda huko ni kuizunguka rasi yote ya Majita halafu upite Ukerewe, na mtumbwi mdogo wa kasia hauendi safari hiyo. Kwa barabara ni mwendo wa asubuhi moja kama una gari. Hatukuwa na gari. Nilichokuwa nacho mimi ni kazi ya usaidizi kwenye gereji ya Nyakato, pale pale Musoma, na ruhusa ya bosi kuchukua ekseli ya Land Rover iliyokufa zamani.

Tela nililitengeneza mwenyewe, na hapa sijidharau, lilikuwa tela zuri. Bomba la kuvutia nililichomea kwa sahani mbili za chuma. Juu nikaweka magogo mawili yaliyochongwa kufuata tumbo la mtumbwi, nikayavika magunia na vipande vya tairi ili mbao zisisuguliwe. Kosa la kwanza nilipakia mtumbwi nyuma mno. Tulipouachia, tela likainuka mbele kama punda aliyekataa, bomba likaelekea mbinguni. Watu wa Nyakato walikuwa wamejaa. Mama mmoja muuza mihogo aliniuliza kama tunaupeleka kanisani kubarikiwa. Mwingine akasema ziwa liko nyuma yetu, kama hatuoni tumuulize yeye. Tukausogeza mbele mpaka mtu mmoja aliweza kuinua bomba kwa mikono miwili bila kukakamaa. Hicho ndicho kipimo, hakuna aliyenifundisha. Tukafunga kwa kamba ya katani na mipira ya tyubu iliyokatwa mikanda.

Trekta moja lilikuwa limetengenezwa pale gereji na linarudi kwao Butiama. Dereva alikubali kutuvuta mpaka kwao, maana mafuta yake yalitosha mpaka hapo tu. Shemeji akasema sawa, mtumbwi utakaa Butiama, yeye atatangulia Bunda kutafuta gari la kutumalizia.

Tulifika Butiama mchana, mwendo wa trekta mnaujua. Tela lilisimamishwa uani kwa mama yake dereva, kando ya zizi. Ulikuwa mwezi wa nane, majani yamekauka, ng'ombe zinashinda bondeni. Kabla shemeji hajaondoka alinishika bega akaniambia jambo moja tu.

"Shemeji, huu mtumbwi ni mpya. Asubuhi na jioni uumwagie maji. Ukikauka unaachia."

Nilijua ana maana gani. Fundi hufunga maungio kwa pamba, anaigongelea katikati ya mbao, na mbao zikilowa zinavimba na kuibana pamba. Zikikauka zinasinyaa. Mtumbwi unaokaa mwaloni hauna shida hiyo, mkia wake uko majini siku zote. Sisi watu wa ziwani tumezoea kuyatoa maji kwenye mtumbwi, hatujazoea kuyatia. Lakini nisijifiche hapo. Niliambiwa, na nilielewa.

Siku tano nilikaa pale. Sikuumwagia hata kikombe.

Sababu niliyojipa ni hii. Mama yule alikuwa anaamka alfajiri na ndoo kichwani kwenda kisimani bondeni, na nilipomsindikiza mara moja niliona ni mbali, na foleni ya wanawake ipo. Ndoo mbili ndizo zilikuwa za kupikia, kunawa, na kunipa mimi mgeni maji ya kuoga. Niliona haya kumwambia nahitaji nyingine mbili asubuhi na mbili jioni, za kumwaga kwenye mbao. Hiyo ni sababu ya kweli. Lakini nilikuwa na miguu, na mapipa yalikuwepo, na ng'ombe zilikuwa zinashuka kunywa kila siku, ningeweza kushuka nazo. Niliketi kivulini nikipaka grisi beringi ambazo nilishazipaka. Kwa hiyo aibu ilikuwepo na uvivu ulikuwepo, na mpaka leo sijui kipi kilikuwa kikubwa.

Tena mama mwenyewe alinifungulia mlango. Siku ya pili alisimama akauangalia mtumbwi, mikono kiunoni. Alisema katika maisha yake ameona vingi vikiletwa kwenye zizi lake lakini hiki bado.

"Mwanangu, mmekuja kuvua ng'ombe zangu?"

"Hapana, mama. Tunapita tu."

"Na huyu mnyama wenu hanywi maji? Useme tu, wengine wote wanakunywa hapa."

Nikacheka, nikasema huyu hanywi. Yeye akacheka pia, akaenda zake. Naandika maneno yake kama yalivyokuwa ili mtu asije akafikiri alininyima. Hakuninyima.

Siku ya tano shemeji alirudi na pikapu ya mtu wa Bunda. Alifurahi kuniona, aliniletea sukari ya kumpa mama wa nyumba. Hakuukagua mtumbwi. Kwa nini aukague, alikuwa ameniachia mimi. Tukafunga tela, tukaaga, tukaondoka.

Njia nzima macho yangu yalikuwa kwenye magurudumu. Tulisimama Kiabakari, shemeji akashuka kutafuta ndizi mbivu, mimi nikashuka kushika vikombe vya magurudumu kuona kama vimechemka. Vilikuwa vuguvugu tu, tela langu halikuwa na neno. Nilipoinuka nikaona uzi wa pamba unaning'inia chini ya mtumbwi, mrefu kama kidole. Nikausukuma ndani kwa kidole gumba. Haukushika. Niliupenyeza tena kwa ncha ya bisibisi, ukashika, nikajifuta mikono, nikapanda garini. Shemeji akanipa ndizi nne. Nilizila zote.

Pale Kiabakari ningeweza kusema. Kisima kilikuwepo, pikapu ilikuwa yetu kwa siku nzima.

Mwaloni kule Guta tulikuta wavuvi kama kumi wanarekebisha nyavu. Wakatusaidia kusukuma tela kinyumenyume mpaka maji yakafika kwenye ekseli. Shemeji akavua kofia, akaomba, tukaitika amina. Tukafungua mipira. Mtumbwi ukaelea vizuri, nikasikia watu wakiusifu umbo lake. Halafu maji yakaanza kuonekana ndani, kwanza kama jasho kwenye mbao, baadaye mistari mirefu kufuata kila ungio. Shemeji aliruka ndani akakumba maji kwa kopo, anayamwaga nje. Mimi nikakumba kwa ndoo. Ilikuwa kama kukumba ziwa lenyewe. Mtumbwi ukakaa chini taratibu, maji ya kiuno, na shemeji amesimama ndani yake na kopo mkononi.

Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja wa pale alisema ujazwe mawe na uachwe umezama siku tatu, mbao zitavimba na kujifunga zenyewe. Halafu akauliza umekaa juani muda gani.

Shemeji akanigeukia. Hakuwa na hasira, alikuwa anauliza tu.

"Uliumwagia maji?"

"Niliumwagia."

"Asubuhi na jioni?"

"Asubuhi na jioni."

Akaitikia kwa kichwa, akamwambia yule mzee kwamba ulimwagiwa. Basi mzee akasema kama ulimwagiwa na bado umeachia hivi, fundi alitumia mbao mbichi. Wengine wakaitikia. Haikuwachukua muda. Mimi nilisema maneno mawili, na mtu aliyekuwa Majita akiranda mbao zake akawa mwizi.

Siku tatu zile tulilala kambini tukisubiri. Kila mvuvi aliyekuja kuuangalia mtumbwi uliozamishwa aliambiwa na shemeji habari za fundi, jina lake, kijiji chake, na kwamba ni mtu wa kanisani, jambo lililozidi kumuumiza. Mmoja alikuwa anataka kuagiza mtumbwi kwa fundi huyo huyo. Akasema afadhali amesikia.

Siku ya tatu jioni shemeji aliniambia nichukue daftari niandike barua. Yeye kusoma anasoma, kuandika kunamsumbua. Tukakaa juu ya mtumbwi wa mtu uliopinduliwa kifudifudi, yeye akisema, mimi nikiandika juu ya goti. Salamu zilikuwa nzuri. Kwa ndugu katika Bwana, natumaini hujambo na familia. Sisi tumefika salama. Halafu akasema: andika kwamba nilikutolea maksai wangu kwa imani, na wewe ukaniwekea mbao mbichi.

Nikaandika mpaka "kwa imani". Hapo nikasimama.

"Wino umeisha?"

"Haujaisha."

"Basi andika."

Sijui ingekuwaje kama angekuwa anajua kuandika vizuri mwenyewe. Hili nimejiuliza sana. Nadhani ningenyamaza, barua ingeondoka, na mimi ningekuwa nimekaa pembeni nikiangalia. Kilichonishinda ni mkono wangu mwenyewe, kwamba mwandiko ungekuwa wangu. Siwezi kujisifu kwa hilo.

"Shemeji," nikasema, "sikuumwagia."

Akageuka kunitazama.

"Siku ngapi hukuumwagia?"

"Zote."

Akauliza maji yalikuwa mbali kiasi gani. Nikamwambia. Nikamwambia na maneno ya mama, kwamba aliniuliza kama mnyama wetu hanywi. Kuhusu pamba ya Kiabakari nikamwambia pia. Nilitegemea anipige, na nadhani ningefurahi. Alichukua daftari, akaangalia ile mistari mitatu, akanirudishia.

"Kwa hiyo siku tatu nzima namtukana mtu wa watu."

Nikashika ukurasa niuchane.

"Karatasi usiichane, tunazo chache. Hiyo ya maksai kata. Andika tumefika, mtumbwi umekaa vizuri majini, tunamshukuru kwa kazi yake."

Nikakata, nikaandika. Barua ilikwenda hivyo, na mstari uliokatwa katikati. Fundi akiiinua kwenye mwanga lazima aliweza kusoma "kwa imani" na kujiuliza.

Shemeji akainuka, akaenda kwa kila mtu aliyemweleza, mmoja mmoja, wengine wanakula. Nilimfuata nyuma kwa sababu sikuona pa kukaa. Aliwaambia fundi hana kosa. Yule mzee akauliza basi kosa la nani. Shemeji akasema, "Letu. Tuliukausha njiani." Nilitaka kusema ni langu peke yangu. Maneno yalikuwepo mdomoni. Mzee akageukia wavu wake, ikawa imepita.

Mtumbwi tuliutoa kesho yake, ukawa umejifunga, isipokuwa ubao mmoja wa chini uliopata ufa. Ufa ule inawezekana ni wa ukavu, inawezekana ni barabara, inawezekana nilibana mipira kupita kiasi. Tuliziba kwa bati na pamba, na misimu miwili yote tukawa tunakumba maji kuliko wenzetu. Sangara tulipata. Mwaka ule dada alilima kwa mkono, na watoto wakalima naye. Maksai shemeji aliwapata tena msimu wa pili ulipoisha.

Mambo yetu hayakuharibika. Tulikula sahani moja, alinitania kama zamani, na mtoto wake wa mwisho alimpa jina langu. Ila jambo moja nililiona, na sijui kama yeye mwenyewe alilijua. Jioni nikishafunga mtumbwi kwenye kigingi, nikaanza kupanda kwenda kambini, alikuwa anabaki nyuma kidogo. Anainama, anagusa fundo la kamba, halafu anakuja. Hakuwahi kulifungua na kulifunga upya. Anagusa tu.